Mashine ya kwanza ya kuchomelea nyumbani: anza na fimbo, fuata waya, mashine iwe ya mwisho

Ukiingia duka la hadiwea Mwanjelwa (Mbeya), Miyomboni (Iringa) au Mafinga mjini ukaulizia mashine ya kuchomelea, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni: 200, 250, 300, mara nyingine hata 400. Mwanafunzi aliyedunduliza hela yake miezi kadhaa hulinganisha namba na bei, akachukua yenye namba kubwa kwa hela ndogo. Hapo ndipo anapopigwa. Namba ile ni pambo. Ukweli wa mashine uko kwenye kibati kidogo cha nyuma na kwenye unene wa waya unaokwenda ukutani.

Maelezo haya ni ya anayesoma uchomeleaji VETA, au anayejifunza kwa fundi gereji, na anataka mashine ya mazoezi na vikazi vidogo nyumbani, kwenye umeme wa njia moja wa volti 230. Mwenye umeme wa njia tatu ana hesabu nyingine.

Utachoma fimbo gani?

Swali la mashine hujibiwa na fimbo, ile elektrodi inayoyeyuka kuwa mshono. Kazi za nyumbani huku kwetu zinajulikana: grili za madirisha, mageti ya skwea paipu, vitanda, stendi za matangi ya maji, majiko ya mkaa, na ukiwa upande wa Usangu, jembe la ng'ombe au fremu ya pawatila iliyopasuka. Karibu zote zinamalizwa na fimbo mbili, geji 12 na geji 10. Ampea zake ni hizi:

- Fimbo ya milimita 2.0: ampea 45 hadi 65. Hii ni ya paipu nyembamba ya ukuta wa milimita 1 hadi 1.5, ambako fimbo nene hutoboa.
- Fimbo ya 2.5 (geji 12): ampea 65 hadi 95.
- Fimbo ya 3.2 (geji 10): ampea 95 hadi 130.
- Fimbo ya 4.0 (geji 8): ampea 140 hadi 180.

Hiyo ya mwisho ifute kichwani. Soketi ya nyumbani haiwezi kuibeba, na mwanafunzi hana kazi nayo. Kinachobaki ni mashine inayotoa ampea 120 hadi 140 za kweli, na inayoshuka mpaka 40 bila moto kuyumba. Watu husahau huko chini, wakati mazoezi mengi na kazi nyingi za hela ni za paipu nyembamba.

Fimbo yenyewe ianze kuwa E6013. Tarakimu 60 ni nguvu ya mshono (paundi 60,000 kwa inchi ya mraba), 1 ina maana unaweza kuchomea mkao wowote, na 3 inaeleza aina ya ganda na umeme inaoukubali. Inawaka kirahisi na haichagui mashine. E7018 ni fimbo nzuri ya vyuma vinavyobeba mzigo, lakini inataka ukavu kamili na kwa kawaida upande chanya wa umeme mnyoofu (DC), kwa hiyo mashine nyingi za koili za mitaani huizima kila baada ya sekunde chache.

Inveta au ya koili?

Mashine ya koili, ile nzito ya transfoma, ina sifa zake. Haina saketi za kuungua, fundi wa mtaani anaweza kuisuka upya, na vumbi haliihofishi. Shida yake kwa mwanafunzi ni umeme inaouvuta. Transfoma huvuta ukutani kwa kufuata volti za fimbo kabla haijagusa chuma: ikiwa ni volti 60 na unachoma kwa ampea 110, hesabu ni 60 mara 110, yaani 6,600, ukigawanya kwa 230 unapata ampea 29 hivi. Taa za jirani zitakujulisha.

Inveta, ile inayobadilisha umeme kwa saketi za kielektroniki, kwa kazi ileile ya ampea 110 huvuta ampea 21 hivi. Kwa fimbo ya geji 12 kwenye ampea 85 huvuta 15 hadi 16. Ni nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja, na inakupa umeme mnyoofu wa kubadilisha chanya na hasi. Kwa nyumbani, nunua inveta. Mashine ya koili ifikirie tu kama umeipata kwa bei ya kutupwa, na soketi yako imeandaliwa.

Mashine za waya zisizotumia gesi zimeanza kuonekana madukani na zinavutia, kwa sababu mkono mchanga hupata mshono mzuri upesi. Ila waya wake ni ghali kuliko fimbo na hupatikana kwa shida ukitoka mjini. Jifunze fimbo kwanza.

Kusoma kibati

Geuza mashine. Inveta halali ina kibati chenye jedwali. Isiyo nacho, au yenye stika ya namba moja tu, irudishe kwenye rafu. Tafuta alama hizi:

U0 ni volti za fimbo kabla haijagusa chuma. Zikiwa 60 hadi 80 fimbo huwaka vizuri. Chini ya 50 utahangaika kuwasha, na 7018 utaisahau.

X ni asilimia ya muda wa kazi, ikihesabiwa kwa dakika kumi. X 60% chini ya ampea 100 maana yake dakika sita za moto kwa ampea 100, kisha dakika nne za kupumzika huku feni ikizunguka. Mchomeleaji wa fimbo hutumia muda mwingi kubadilisha fimbo, kugonga slagi (gamba gumu linalobaki juu ya mshono) na kupanga vyuma, kwa hiyo 35% ya kweli kwenye ampea 120 inakutosha kabisa. Mashine inayojisifu 200 kwa 10% inasema yenyewe kwamba 200 ni ya dakika moja.

I1max na I1eff ni ampea zinazovutwa ukutani. Ya kwanza ni kilele. Ya pili, iliyopunguzwa kwa muda wa mapumziko, ndiyo inayoamua waya na soketi. Mashine inayofika kilele cha 33 kwa 20% ina I1eff ya 15 hivi. Kwa nyumba ya kawaida tafuta I1eff isiyozidi 16.

Kisha fanya jaribio ambalo wauzaji wengi hawalipendi. Volti za moto wa fimbo hupatikana kwa kuchukua 20, ukaongeza 0.04 mara ampea. Kwa ampea 250 ni volti 30. Zidisha: wati 7,500 zinatoka kwenye fimbo. Kuzipata kwenye njia moja, ukijumlisha hasara za ndani ya mashine, lazima ivute zaidi ya ampea 50 ukutani. Sasa angalia waya wake: kama ni mwembamba wa milimita za mraba 1.5 na umefungwa plagi ya 13, hiyo 250 imetoka wapi? Waya wa ukutani haudanganyi. Mashine ya 140 za kweli huja na waya wa 2.5 na mwili wenye uzito. Ile ya kilo tatu iliyoandikwa 300 mara nyingi huishia 100 hadi 120.

Cha mwisho kwenye kibati ni volti inazovumilia. Vijijini, mwisho wa laini, saa moja hadi saa nne usiku volti hushuka chini ya 200. Inveta inayokubali 160 hadi 270 itaendelea. Inayotaka 230 kamili itazima au itawasha taa ya njano. Kumbuka pia kwamba volti zikishuka inveta hufidia kwa kuvuta ampea zaidi: kazi iliyovuta 21 kwenye volti 230 itavuta 24 kwenye volti 200. Plagi iliyokuwa ya moto mchana, usiku inayeyuka. Mazoezi yapange asubuhi.

Kuandaa soketi

Plagi ya pini tatu tuliyozoea ina fyuzi ya ampea 13. Kwa geji 12, fimbo moja moja, itavumilia. Kwa geji 10 fyuzi itaungua, na ukibadili fyuzi kwa kipande cha waya, kama wengi wanavyofanya, kitakachofuata kuungua ni soketi au waya ndani ya ukuta.

Njia sahihi ni laini ya peke yake kutoka kwenye meni swichi: waya wa shaba wa 6, breka ya ampea 32 ya aina C (aina B hujikata kwa mshtuko wa kuwasha mashine), waya wa ethi usiopungua 2.5, na soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 32. Kazi hiyo mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mwambie apime na ethi. Nyumba nyingi zina fimbo ya ethi iliyopigwa kwenye kifusi kikavu miaka mingi iliyopita na haina kazi.

Ekstensheni ni adui mwingine. Ya mita 30 yenye waya wa 1.5, ikibeba ampea 21, inapoteza volti 18 njiani. Ya 2.5 inapoteza 11, ya 4 inapoteza 7. Na usichome ikiwa imezungushwa kwenye kitorori chake. Hupata joto katikati ikaungana. Ifungue yote. Ukihitaji kwenda mbali, ni afadhali kurefusha nyaya za fimbo kuliko ekstensheni nyembamba.

LUKU haiishi kwa kasi watu wanayoihofia. Fimbo ya geji 12 huwaka dakika moja na kidogo. Pakiti ya kilo mbili na nusu ina fimbo 130 hivi, na kuimaliza yote kwa inveta ni uniti sita, saba ukihesabu feni na mashine kukaa imewashwa. Lakini kama nyumba iko kwenye tarifa ya D1, ile ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, zungumza na mwenye nyumba kwanza. Mazoezi ya kila siku yanaweza kuwavusha wote kikomo hicho.

Jenereta na mwinuko wetu

Mashine nyingi hupimwa kiwandani kwa matumizi yasiyozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi, na Njombe inakaribia 2,000. Hewa nyembamba hupoza kidogo. Kwa inveta jambo hilo halitishi, kwa kuwa ile asilimia ya X imepimwa kwenye joto la nyuzi 40, na asubuhi ya Njombe haikaribii hapo. Unachopoteza kwenye hewa unarudishiwa na baridi.

Jenereta haina fidia hiyo. Injini ya petroli hupoteza takribani asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Mbeya ni karibu asilimia 20. Inveta ikichoma geji 12 kwa ampea 85 inataka kVA 3.6, ongeza nafasi ya kupumua, kisha rudisha ile asilimia 20, unaishia jenereta ya kVA 6 kwenda juu. Ile ya kVA 2.5 ya dukani kwa mangi haiwezi, na ukilazimisha volti zake huyumba hadi kuua saketi za inveta. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke mashine. Wakati wa kuzima anza na mashine. Usiiweke ndani ya chumba hata kama nje kuna mvua: moshi wake una gesi inayoua, isiyo na harufu ya kukuonya.

Kujaribu kabla ya kulipa

Nenda dukani na fimbo zako mwenyewe, kipande cha bamba la milimita 6, kipande cha skwea paipu, na kofia yako. Muuzaji akikataa mashine isijaribiwe, ondoka. Eneo la SIDO Mwanjelwa peke yake lina mafundi wa kutosha wa kukuelekeza duka jingine.

Weka 110, choma fimbo tatu za geji 10 mfululizo kwenye bamba, ukisimama kubadilisha fimbo tu. Mashine ya kweli itamaliza feni ikitoa hewa ya moto bila harufu. Taa ya joto ikiwaka kwenye fimbo ya kwanza, 110 yake haipo. Kisha shusha hadi 50 au 55, chukua fimbo ya 2.0, uchome paipu: moto ukizimika kila unapovuta kidogo, huko chini hakufai.

Ukiweza kuazima klampu mita, iwe ya kupima umeme mnyoofu; ile ya kawaida ya mafundi umeme wa nyumba haitakusomea kitu. Izungushie waya wa fimbo wakati mwenzako anachoma. Skrini ikisema 110 na klampu ikasoma 80, umepata jibu. Tofauti ya ampea tano hadi kumi si ya kugombania.

Gandisha fimbo makusudi kwa sekunde moja. Inveta nzuri hukata nguvu na unaibandua bila shida; mbaya huifanya fimbo iwe nyekundu mpaka mkononi. Halafu chomoa plagi, pima kwa multimita kati ya pini ya ethi na mwili wa chuma wa mashine: isomeke chini ya omu moja. Ikisoma hewa, waya wa ethi haujaungwa ndani, na mashine hiyo inaweza kukuua siku ya sakafu mbichi.

Dai risiti ya EFD na warantii iliyoandikwa, na uulize swali moja la ziada: saketi ikiungua, nani Mbeya anaitengeneza? Jibu likiwa ni kutuma Dar es Salaam, hesabu wiki kadhaa bila mashine.

Mtumba wa inveta ni bahati nasibu. Harufu ya kuungua kwenye matundu ya hewa, skrubu zilizochubuka, rangi ya saketi iliyogeuka kahawia, vyote ni dalili kwamba imeshafunguliwa na kuungwaungwa. Usifungue mwenyewe mara baada ya kuchomoa. Kapasita zake huhifadhi volti zipatazo 325. Mtumba wa koili ni salama zaidi kukagua: pima kati ya koili na mwili, isisome muungano wowote, na iache ikichoma dakika kumi uisikilize. Mngurumo mkali na harufu ya vanishi ni koili iliyochoka.

Hela isiishie kwenye mashine

Katika kila shilingi kumi, sita ziende kwenye mashine, nne zibaki. Anayemaliza zote kwenye boksi hurudi nyumbani na kioo kidogo cha mkono, nyaya fupi za mita moja na nusu, na holda ya plastiki inayoyeyuka.

Nyaya za fimbo na za klampu kwa ampea 120 ziwe za shaba za milimita za mraba 16, au 25 kama zinazidi mita tano. Nyingi zinazokuja kwenye boksi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukitokea mweupe ndani, ni alumini. Au uweke uzi mmoja kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Shaba huwa nyekundu, alumini huyeyuka na kulegea. Kabla ya kununua holda mpya pima pini ya tundu la mashine, kwani zipo za milimita 9 na za 13, na hazivaani. Klampu ya ethi iwe na meno ya shaba na springi ngumu. Fimbo inayonata na moto unaokatika, mara nyingi kosa ni klampu iliyobana kwenye rangi au kutu.

Kofia inayojitia giza yenyewe inafaa, mradi iwe ya namba 9 hadi 13. Kwa ampea 80 hadi 130 tumia 10 au 11. Bajeti ikibana, kofia ya kawaida yenye kioo namba 10 inalinda vilevile, tofauti ni usumbufu. Miwani ya jua si kinga. Macho yanayowasha usiku kama yaliyotiwa mchanga yameungua, hata kama uliangalia moto wa mwenzako tu.

Baridi ya huku inaleta makosa mawili. Watu huchomelea wamevaa majaketi ya nailoni na masweta ya manyoya bandia ya mtumba. Cheche ikitua, nguo huyeyukia kwenye ngozi. Vaa pamba nzito au jinzi, na aproni ya ngozi juu. Kosa la pili ni kufunga mlango. Paipu ya mabati hutoa moshi mweupe wa zinki unaoleta homa na kutetemeka jioni yake, na watu hudhani ni malaria. Saga zinki kwa grenda sentimita mbili tatu kila upande wa mshono, fungua mlango, kaa upande upepo unakotokea.

Ukungu, mvua na unga wa mbao

Mashine iliyolala kwenye banda la baridi ukaiingiza kwenye chumba chenye moto hutoa jasho ndani. Iache saa moja kabla ya kuiwasha. Mafinga na vijiji vya jirani, penye viwanda vya mbao, unga wa mbao huvutwa na feni ukajaa kwenye mapezi ya kupoza. Mashine huanza kujizima bila sababu inayoonekana. Kila mwezi ichomoe, subiri robo saa, ipulize kwa kompresa yenye presha ndogo huku umeshikilia feni isizunguke. Na unga huohuo sakafuni hushika cheche ukafuka kimyakimya. Rudi kukagua nusu saa baada ya kumaliza.

Fimbo ndizo zinazoumia zaidi, hasa Tukuyu na Kyela. Pakiti ikifunguliwa, zihamishie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, iinue kutoka sakafuni. Fimbo iliyoingia unyevu utaijua: inapiga kelele za kukaanga, moto unarukaruka, mshono unatoka na vitundu, na ganda linaonyesha unga mweupe au linabanduka ukiikunja kidogo. E6013 ya namna hiyo ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 100 hadi 120 kwa saa moja. E7018 inataka zaidi ya nyuzi 300, joto ambalo oveni nyingi za jikoni hazifiki, kwa hiyo nunua pakiti ndogo na uimalize siku uliyoifungua.